HATARI ZA HEWA KATIKA KAZI YA KUCHOMELEA CHUMA

Watu wengi, mjini na mashambani, wamekwisha kumwona fundi akiunga chuma kwa moto mkali, naye ameyakinga macho yake kwa kioo cheusi. Lakini ziko hatari ambazo kioo hakizizuii, nazo ni za hewa.

Moto huo hutokana na gesi mbili. Asetilini, ambayo hupatikana kwa kutia maji katika kabidi, ndiyo iwakayo, oksijeni huikuza. Mwali wake hufikia joto la nyuzi 3,100 za sentigredi, hali chuma cha kawaida huyeyuka kwa nyuzi 1,500 hivi. Asetilini ikishindiliwa peke yake yaweza kupasuka. Kwa hiyo mtunguni huyeyushwa katika asetoni, na mtungi yapasa usimame wima. Oksijeni ikikutana na mafuta au grisi huweza kuwasha moto ghafula. Basi fundi asiushike mtungi wake kwa mikono yenye mafuta, wala asipulize oksijeni nguoni ili kuondoa vumbi.

Moshi nao una madhara yake. Mabati yenye zinki yakichomwa hutoa moshi mweupe. Aliyeuvuta, baada ya saa chache, hushikwa na homa na kutetemeka, akadhani ni malaria. Humeza dawa, na baada ya siku moja au mbili hupona, akaishukuru dawa, kisha akarudia kazi ile ile. Kunywa maziwa hakuzuii jambo hili. Dawa yake ni kuikwangua zinki kwanza na kufanya kazi penye upepo. Mwaka 2017 wataalamu wa kimataifa waliuhesabu moshi wa kuchomelea miongoni mwa mambo yaletayo saratani.

Tena, pipa lililokwisha petroli si tupu. Limejaa mvuke, nao ukipata cheche hulipuka. Asiliguse kwa moto mtu asiye na ujuzi wa kulisafisha.

Mwisho, arigoni na hewa ya ukaa, zitumiwazo na mashine za umeme, ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Hutuama shimoni au ndani ya tangi, wala arigoni haina harufu ya kumwonya mtu. Ukimwona mwenzako ameanguka humo, usimfuate. Funga gesi, ita msaada, na asiingie mtu ila mwenye chombo cha kupumulia. Wengi wamekufa kwa kuharakisha kumwokoa ndugu yao, na badala ya maiti moja zikatolewa mbili.