Spika Karimjee na Mjadala wa Uraia

Vijana wengi wa Dar es Salaam wanalijua jina la Karimjee kutokana na misiba. Redio ikitangaza kwamba mtu mashuhuri ataagwa katika Ukumbi wa Karimjee, watu wanajua pa kwenda: jirani na Bustani ya Mimea na Makumbusho ya Taifa. Reginald Mengi aliagwa pale mwaka 2019, Edward Lowassa mwaka 2024. Mimi ni mwalimu wa uraia, na nikitoka Makumbusho na wanafunzi wangu huwauliza Karimjee alikuwa nani. Hunijibu: tajiri wa Kihindi.

Utajiri ulikuwepo. Ukoo wa Karimjee ni Waislamu wa Kibohora wenye asili ya Kutch, Bara Hindi, waliofanya biashara Zanzibar tangu karne ya 19, wakaja kulima mkonge bara. Ndio waliotoa ukumbi ule kwa mji katika miaka ya 1950. Lakini mmoja wao, Abdulkarim Karimjee, alikuwa mwanasiasa hasa. Alikuwa Meya wa Dar es Salaam, tena akawa Spika, na Bunge la Tanganyika lilikaa humohumo ndani ya ukumbi wenye jina la ukoo wake.

Oktoba 1961, uhuru ukiwa umebaki wiki chache, serikali ilipeleka bungeni muswada wa uraia usiobagua rangi. Chama cha TANU kilikuwa kimeshinda viti 70 kati ya 71 mwaka uliotangulia, ila upinzani ulitoka miongoni mwa wabunge wake wenyewe. Walitaka Waafrika ndio wapewe uraia, wengine wasubiri. Siwabezi hata kidogo. Walikuwa wamekulia katika nchi ambamo shule, hospitali na mishahara vilipangwa kwa rangi, na Mwafrika ndiye wa mwisho. Hata katika uchaguzi wa 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Aliyeonja hayo alikuwa na haki ya kuogopa kwamba uhuru ungekuja na mali zikabaki mikononi mwa walewale.

Mwalimu Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu, aliwajia juu. Aliwaambia wanaoitukuza rangi kwamba wanasimama kama kina Hitler. Akawaachia wapige kura kwa hiari yao, lakini akaonya kwamba muswada ukikataliwa serikali yake itajiuzulu. Muswada ukapita.

Spika wa Bunge hilo alikuwa Abdulkarim Karimjee. Kazi ya Spika ni kulinda zamu ya kila msemaji, hata yule anayesema kwamba watu wa asili yako wangoje nje ya mlango. Wanafunzi wangu hunyamaza wakilisikia hili, kisha huanza kubishana, nami huwaacha wabishane. Mwaka 1962 kiti chake kilikwenda kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani.