Diciotto imetoka wapi?

Tukihesabu kwa Kiitaliano tunafika sedici (16) salama. Kisha linakuja diciassette (17), na kumi limeruka kutoka nyuma hadi mbele. Sababu iko kwenye Kilatini. Sedecim ni "sita-kumi", na matumizi ya karne nyingi yameliminya neno hilo likawa sedici. Lakini 18 ya wasomi, duodeviginti, ni "mbili kutoka ishirini": hesabu ya kutoa, nzito mdomoni kwa kweli. Kando yake palikuwepo "kumi na nane", kama yetu ya Kiswahili. Ndiyo tunayoikuta kwenye Vulgata, Luka 13: yule mwanamke aliyepinda mgongo ameugua miaka decem et octo. Humo ndimo ilimotoka diciotto. 17 na 19 zina mpangilio huohuo. Kihispania hugeuza mapema zaidi, kwenye 16: dieciséis.