Jina Lake Haliko Kwenye Jalada

Kwenye kazi yangu ya kwanza niliandaa kampeni nzima ya matangazo, usiku na mchana. Siku ya uzinduzi akapanda bosi kupokea maua, mimi niko nyuma ya jukwaa nashika waya za maikrofoni. Nilirudi nyumbani nalia. Mume wangu, mgonjwa wa muziki wa rock, hakunibembeleza. Aliniuliza tu, "Kwani mlikubaliana nini?" Kisha akaweka CD ya David Bowie na kunisimulia habari za Earl Slick.

Deiwaka wa gitaa

Huyu bwana wa Brooklyn, New York, alikuwa na miaka 21 tu Bowie alipomchukua kwa ziara ya mwaka 1974, kuziba pengo la Mick Ronson. Wapiga gitaa wa kukodiwa ni kama deiwaka wa daladala: gari si lako, lakini abiria wote wako mikononi mwako. Jioni unalipwa chako, unashuka.

Julai mwaka huohuo, karibu na Philadelphia, wanamuziki waligundua kuwa shoo zinarekodiwa ili itoke albamu. Malipo ya ziada? Kimya. Wakiongozwa na mpiga besi Herbie Flowers, wakagoma kupanda jukwaani mpaka walipoahidiwa dola 5,000 kila mmoja. Albamu ikatoka, David Live. Jaladani kuna mtu mmoja tu, na unamjua.

Slick akapiga kwenye Young Americans na Station to Station. Halafu pakatokea mvutano wa mkataba, ziara ya 1976 akaikosa. Jamani! Gitaa urekodi wewe, jukwaani akapige mwingine!

Mwaka 1980 aliitwa studio na John Lennon na Yoko Ono kwa ajili ya Double Fantasy. Wiki tatu baada ya albamu kutoka, Lennon akauawa. Mwenye gari akiondoka, deiwaka naye hana safari.

Simu ikaita tena

Mwaka 1983 gitaa la Let's Dance lilikuwa la Stevie Ray Vaughan. Hawakuelewana masharti ya ziara, akajitoa siku chache kabla ya kuanza. Aliyepigiwa simu ni nani? Slick! Akajifunza nyimbo harakaharaka, akapanda. Alirudi tena kwa Bowie mwaka 2000, na bado alikuwemo kwenye The Next Day ya 2013.

Mkataba ulimtoa, na mkataba wa mwenzake ukamrudisha. Lakini simu ilipigwa kwake kwa sababu ya vidole vyake.

Usiku ule nilinuna, sikatai. Kesho yake nilisoma barua yangu ya ajira, kwa mara ya kwanza. Jina langu halikutajwa popote, na sikuwahi kuomba litajwe. Kazi iliyofuata niliomba kabla ya kusaini.

Je, wewe na mwenzio mmeshasoma mikataba yenu?