Uzi wa Eldoret Huanzia Mkononi mwa Mkulima

Mji wa Eldoret, ambao wengine hata leo huuita Sisibo kwa ajili ya shamba namba 64 ulipoanzia, una kiwanda kikubwa cha nguo kiitwacho Rivatex. Mtu aingiapo humo husikia ngurumo za mashine, akadhani kuwa kazi ile ni elimu mpya iliyokuja pamoja na umeme. Sivyo. Kila lifanywalo na mashine zile lilifanywa kwanza na mkono wa mwanadamu.

Watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki walifuma nguo karne nyingi zilizopita. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Mogadishu, akaeleza kwamba nguo zilizofumwa mjini humo zilipelekwa hata Misri. Katika magofu ya Kilwa, wachunguzi wa mambo ya kale wameokota vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Kigae kama hicho kilichomekwa kwenye kijiti, kikazungushwa mithili ya pia, ndipo pamba ikasokotwa kuwa uzi.

Kazi ya mkono huenda kwa hatua nne. Kwanza pamba huchambuliwa, mbegu zikatolewa moja moja kwa vidole. Pili huchanwa mpaka ilegee na takataka zianguke. Tatu, msokotaji huivuta kidogo kidogo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huzungusha kijiti. Asipovuta sawasawa, uzi huwa mnene hapa na mwembamba pale, kisha hukatika. Mwisho mfumi hutanda nyuzi za urefu, ndizo mtande, akapitisha kati yake nyuzi za upana, ndizo mshindio, juu na chini, hata nguo ikatimia.

Hatua hizo ndizo zifuatwazo kiwandani. Tofauti kubwa ni mwendo. Msokotaji wa zamani alipoona jani kavu katika pamba yake alilitoa kwa kidole, akaendelea. Mashine haina jicho la namna hiyo. Kwa hiyo usafi wa pamba una thamani kubwa zaidi leo kuliko zamani.

Rivatex ilianzishwa katika miaka ya 1970, ikawapa watu wengi kazi. Katika miaka ya 1990 milango ya biashara ilifunguliwa, mitumba na nguo za nje zikajaa masokoni, na wakulima wengi wakaiacha pamba. Hatimaye kiwanda kilifungwa. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua. Mashine mpya zikaletwa, na mwaka 2019 Rais Uhuru Kenyatta alikizindua upya. Lakini mashine, hata ikiwa mpya namna gani, haioti pamba. Kiwanda kisicho na pamba ni kama kinu kisicho na nafaka.

Basi jambo hili larudi kwa wakulima wa Bonde la Kerio, Busia na kwingineko ilimwapo pamba. Yafaa pamba ichumwe baada ya umande kukauka, kwa maana pamba mbichi huoza ghalani na kubadilika rangi. Pamba nyeupe itengwe na ile yenye madoa tangu shambani, wala zisichanganywe ili kuongeza uzito. Tena isitiwe katika magunia ya katani wala ya nailoni: nyuzi za magunia hayo huingia ndani ya pamba, zisionekane mpaka nguo itiwapo rangi, ndipo hutokea kama mistari, kwa kuwa hazinywi rangi kama pamba.

Mkulima naye ana haki yake: bei njema na malipo yasiyochelewa, kwani hayo ndiyo yamrudishayo shambani mwaka wa pili. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pamba safi ikilipwa kwa haki, uzi wa Eldoret hautakatika.