Moyo Unapokwenda Mbio na Vipimo Vyote ni Safi

Kila mhudumu wa afya amekwisha kukutana na mgonjwa asemaye kwamba moyo humwenda mbio, pumzi humbana, mikono humtetemeka, na mara nyingine huona kama anakata roho. Hupimwa shinikizo la damu, malaria na mwenendo wa umeme wa moyo. Majibu hutoka safi. Kisha huambiwa, "Huna kitu." Neno hilo hunuiwa liwe faraja, lakini humwacha mgonjwa na mashaka zaidi, kwani anajua alichokihisi. Kitu anacho, nacho kina maelezo.

Hofu ni kengele ya mwili. Ubongo ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu. Moyo huongeza mapigo ili misuli ipate nguvu ya kukimbia au kupigana, pumzi huwa za haraka, jasho hutoka. Aliyekutana na nyoka njiani huokolewa na kengele hiyo. Shida huanza inapolia pasipo na nyoka. Mtu apumuaye kwa kasi ilhali ameketi hupoteza hewa ya kabonidayoksaidi kupita kiasi, na upungufu huo ndio uletao kizunguzungu na ganzi ya midomo na vidole. Naye akiihisi ganzi hudhani ni kiharusi. Hofu huzidi, na pumzi huzidi kwenda kasi. Hilo ndilo shambulio la hofu. Hufikia kilele ndani ya dakika chache, kisha hushuka lenyewe, hata kama hakuna lililofanywa.

Tuchukue mfano wa mama mwenye genge la mboga, apandaye daladala alfajiri kwenda kununua bidhaa sokoni. Siku moja, katikati ya msongamano, shambulio linampata. Anashuka kituo kinachofuata, na papo hapo anapata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo mtego. Ubongo wake umejifunza kwamba kilichomwokoa ni kushuka, wala haukupata nafasi ya kuona kwamba hofu ingeshuka yenyewe. Kesho yake anaogopa kupanda; wiki inayofuata anamtuma mwanawe; baada ya miezi miwili genge limefungwa. Hakuna kipimo cha damu kitakachoonyesha hasara hiyo, nayo ndiyo inayostahili kuulizwa chumbani kwa daktari: tangu hali hii ianze, ni mambo gani umeacha kuyafanya?

Njia ya kurudi ni kuikabili hofu hatua kwa hatua. Mama huyo aweza kuanza kwa kukaa kituoni bila kupanda, kisha apande kituo kimoja mchana pamoja na mwenzake, halafu peke yake, hatimaye alfajiri. Kila hatua irudiwe mpaka izoeleke, na asishuke hofu ikiwa kileleni. Kupumua polepole husaidia: kuvuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, kuitoa ukihesabu hadi 6, kwa dakika chache. Mazoezi hayo yafanyike kila siku nyumbani; anayeyajaribu kwa mara ya kwanza katikati ya shambulio huyaona hayafai. Kahawa nyingi na mirungi huamsha kengele hiyo hiyo, na pombe hutuliza jioni ikaleta mtetemeko asubuhi.

Kwa mhudumu, kuusema wasiwasi hakumwondolei wajibu wa kuchunguza. Tezi ya shingo iliyozidi kasi, upungufu wa damu, kushuka kwa sukari, pumu, na hata dawa ya salbutamoli huweza kuleta dalili zizo hizo. Maumivu ya kifua yanayosambaa mkononi au tayani, kuzimia, au dalili zijazo wakati wa kazi nzito zisiitwe wasiwasi kabla ya uchunguzi. Dodoso la GAD-7 lina maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, na jumla ya alama 21. Anayepata 10 au zaidi ahojiwe kwa kina. Aulizwe pia, waziwazi, kama amewahi kufikiria kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, na akijibu ndiyo asiachwe aondoke peke yake.

Wengi husema hatuna wataalamu wa kutosha wa afya ya akili. Ni kweli, lakini mjini Harare, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha akina bibi wa jamii kuketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, wakiwasaidia kuchagua tatizo moja na kulitafutia ufumbuzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa hivyo walipungukiwa na dalili za sonona na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kuhusu dawa, dayazepamu hutuliza upesi, na kwa sababu hiyo hiyo huzoeleka ndani ya wiki chache. Anayeitumia kwa muda mrefu asiikatishe ghafla, bali apunguziwe dozi taratibu. Fluoksetini haina mazoea ya namna hiyo, ila huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na katika siku za mwanzo wasiwasi waweza hata kuongezeka kidogo. Mgonjwa aambiwe hayo siku ile ile anapoandikiwa, asije akaitupa dawa kabla haijaanza kumsaidia.