Taa Zote za Dashibodi Zimewaka? Pima Volti Kabla Hujanunua Kipuri

Unawasha gari asubuhi ili uwahi kazini. Taa ya injini inawaka. Hiyo labda umeshaizoea. Ila leo imekuja na wenzake: ABS, usukani, ile ya gari linaloteleza, na airbag juu yake. Dashibodi inameta kama ukumbi wa harusi. Unaanza kupiga hesabu kichwani: gari lote limekufa?

Mjomba wangu yalimkuta hayo mwaka jana. Fundi wa kwanza alimwambia pampu ya ABS imekufa, na kontroli boksi ya usukani nayo inaelekea huko. Bei aliyotajiwa ingemaliza ada ya shule ya watoto wake wawili. Kabla hajatoa hela, tulichukua kifaa kimoja cha bei ndogo, maltimita, tukaanza kupima. Nitakuambia mwishoni tulikuta nini. Kwanza tuelewe kwa nini taa nyingi huwaka kwa mpigo.

Mtaa mzima ukizima, hununui balbu

Umeme ukikatika usiku unafanya nini? Unachungulia kwa jirani. Kama kwake kunawaka, tatizo liko kwako. Kama mtaa mzima ni giza, huendi dukani kununua balbu, maana unajua shida iko kwenye transfoma au kwenye laini.

Gari nalo ni hivyo hivyo. Ni nadra vifaa vinne visivyohusiana kufa asubuhi moja. Jambo la kujiuliza ni hili: vifaa hivi vinachangia nini? Vinachangia vitu vitatu: umeme wa betri na altaneta, waya wa ethi, na mtandao wa mawasiliano.

Kompyuta zinazopigiana simu

Gari la kisasa lina kompyuta nyingi ndogo: ya injini, ya gia, ya breki, ya usukani, ya airbag. Zingeunganishwa kila moja na mwenzake kwa waya wake, gari lingejaa nyaya. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitangaza suluhisho mwaka 1986, mtandao uitwao CAN: nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, ambazo kompyuta zote huzitumia kutuma na kusikiliza ujumbe.

Faida yake ni kwamba taarifa moja inatumiwa na wengi. Mwendo wa tairi unapimwa na sensa za ABS, lakini mfumo wa kuzuia gari kuteleza nao unautegemea, na katika magari mengi usukani wa umeme na gia pia. Sensa moja ikiziba matope au waya wake ukikatika, taa mbili au tatu zinaweza kuwaka pamoja. Tena kwenye Toyota nyingi, hitilafu ya injini peke yake hufanya taa ya VSC nayo iwake, kwa sababu mfumo huo unajizima wenyewe.

Kwa hiyo taa ikiwaka haimaanishi lazima kwamba "nimeharibika". Mara nyingine maana yake ni "sipati taarifa ninayoihitaji".

Anza na betri

Betri nzima iliyopumzika inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma chini ya 12, iko karibu tupu. Injini ikiwaka, magari mengi husoma kati ya 13.5 na 14.5, ikibaki kwenye 12 na inazidi kushuka, altaneta haichaji.

Kwa nini volti ndogo iwashe taa za breki na airbag? Unapopiga stata, betri inabanwa sana. Iliyochoka huporomoka, na kompyuta zingine zinajizima na kuwaka upya, kila moja kwa wakati wake. Moja inauliza, nyingine haijaamka. Iliyokosa jibu inaandika hitilafu na kuwasha taa.

Ndiyo maana usifute misimbo ya hitilafu, ile mafundi wanayoiita kodi, kabla hujaiandika. Herufi ya kwanza inasema mengi: P ni injini na gia, C ni chasisi, B ni bodi, U ni mtandao. Ukiona U nyingi kutoka kompyuta tofauti, tafuta chanzo cha pamoja.

Waya wa ethi, mhalifu mpole

Umeme ukitoka betri lazima urudi. Njia yake ya kurudi ni bodi na injini, kupitia waya mnene wa upande hasi. Kutu ikiingia kwenye kiungio chake, unapata ukinzani mdogo, tuseme omu 0.02. Unaonekana si kitu. Sasa kumbuka fizikia ya sekondari: volti ni mkondo mara ukinzani. Stata ikivuta ampea 150, unapoteza volti 3 pale kwenye kutu tu!

Maltimita ya kawaida ikiwekwa kwenye omu haiwezi kuuona vizuri ukinzani mdogo namna hiyo. Pima hivi: iweke kwenye volti, ncha moja iguse upande hasi wa betri, nyingine iguse chuma kisafi cha injini, mwenzako apige stata. Ukiona nusu volti au zaidi, kuna tatizo njiani.

Kama umeme na ethi viko sawa, ndipo fundi apime mtandao. CAN huwa na rezista ya omu 120 kila mwisho, kwa hiyo betri ikiwa imefunguliwa anatakiwa kusoma karibu omu 60. Akisoma 120, upande mmoja umekatika au rezista moja haipo. Akisoma karibu sifuri, nyaya zimegusana.

Mambo ya kutofanya

Usikubali mtu afungue teminali ya betri injini ikiwa inawaka "ili kupima altaneta". Betri ndiyo inayotuliza umeme. Ukiiondoa ghafla, volti inaweza kuruka hadi makumi na kuunguza kompyuta zilizokuwa nzima. Usichokonoe nyaya za airbag. Na taa nyekundu ya oili, joto au breki ikiwaka, usiendelee na safari ukifikiri ni mambo ya umeme tu. Simama kwanza.

Tulichokikuta

Betri ya mjomba ilisoma 12.5. Stata ilipopigwa, kati ya upande hasi na injini tulipata volti 1.4. Boliti ya ethi ilikuwa imelegea na kuota kutu. Tukaisugua kwa msasa, tukaikaza, tukafuta misimbo tuliyokwisha kuiandika. Taa zilizima na hadi leo hazijarudi. Pampu ya ABS ni ileile.

Si kila gari litapona kwa msasa. Pampu na kontroli boksi nazo hufa. Lakini kipimo hiki kinachukua dakika kumi, na kipuri kikishanunuliwa mara nyingi hakirudishwi dukani. Kwa hiyo ukiambiwa gereji kwamba vitu vitatu vimekufa kwa mpigo, uliza kwanza: "Fundi, umepima volti na ethi?"