Sainte-Barbe ya watu wa muto

Kila tarehe 4 desemba tunavaa nguo safi, tunaenda misa ya Sainte-Barbe, kisha tunakula na kunywa. Wengi wetu tunazani yeye ni mutakatifu wetu sisi watu wa mugodi peke yetu. Hapana.

Kule Polandi, inchi ya Papa Yohane Paulo wa Pili, kuko muji mudogo unaitwa Ulanów, wa watu karibu 1,500, mahali muto Tanew unaingia mu muto San. Kule Mutakatifu Barbara ni wa watu wa kusafirisha miti. Watu wanamuomba juu ya kifo cha gafula, na kifo cha gafula kiko mu maji sawa vile kiko chini ya udongo.

Muji ulianza mu 1616. Watu walikata miti mu pori, wakafunga magogo pamoja na vitawi vilivyosokotwa kama kamba. Ile ndiyo chelezo. Walipakia nafaka juu yake, wakashuka San, kisha muto mukubwa Wisła, mupaka Gdańsk kwenye bahari: kilometa 724. Mukubwa wa kazi aliitwa retmani. Alitangulia na mutumbwi mudogo, anatafuta njia katikati ya michanga, anaonyesha wa nyuma wapite wapi. Tuseme kapita, lakini kapita mwenye kutangulia mu hatari. Wa namna hii tunawajua, si wengi. Kijana mupya naye walimucheka na kumusumbua, na alilipa kwanza mbele ya kuitwa mwenzao. Vijana wa zamu ya usiku wanajua ile mambo.

Kufika Gdańsk, bizaa inauzwa, na chelezo yenyewe inavunjwa, magogo yanauzwa. Mwenye mali anapata feza mara mbili. Na mufanyakazi? Anashika mushahara, anarudi Ulanów kwa miguu. Kwa miguu, bandugu! Kuko wazee wetu wa retreti walirudi mu vijiji vyao karibu vile.

Kisha reli ilikuja, ikabeba miti na nafaka haraka zaidi. Kazi ya muto ilipunguka, ilipunguka, mupaka wakati wa vita ya 1939 ilikuwa karibu imekwisha. Muji wa jirani, Rudnik, ulikuwa na bahati ingine: mu karne ya 19 tajiri wa pale, Hompesch, alituma vijana Vienna kujifunza kusuka vitunga, na wanasuka mupaka leo.

Watu wa Ulanów hawakungoja tajiri. Mu 1991 walianzisha chama, wakakipa jina la Mutakatifu Barbara. Mu 1993 walifunga chelezo sawa zamani, wakashuka tena mupaka Gdańsk, kilometa zote. Mu 2022 UNESCO iliandika ile kazi kwenye liste yake, Polandi pamoja na inchi zingine tano. Leo vyelezo vinabeba watalii. Tusidanganyane, ile haiwezi kulisha muji muzima. Lakini ujuzi haukuzikwa pamoja na wazee.

Kwetu mugodi ukifungwa, mashini zinauzwa, na muzee anakufa na ujuzi wake: namna ya kugonga jiwe la juu na kusikia kama litaanguka. Nani aliandika? Nani alifundisha mutoto wake?

Basi wazee wa retreti, Sainte-Barbe hii mukuje na taa zenu, kofia zenu, nyundo zenu. Kisha misa tutawapa viti vya mbele, na vijana watauliza.